Fundi wa Kuzunguka na Kibali Chake Mpakani Busia

Ndugu askari, lori likiharibika katika foleni ya Busia, fundi huja na sanduku lake la vifaa kutoka upande wowote wa mpaka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya na Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kitambulisho ni ruhusa ya kupita, si leseni ya biashara. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni hizo; nchini Uganda, ipo sheria ya mwaka 1969. Basi fundi asiye na kibali aelekezwe ofisini, akalipe na kupewa stakabadhi. Fedha iishiayo mfukoni mwa askari haimpatii fundi kibali, wala haijengi taifa.