Fahamu: Kadi za wanamichezo zilizoghushiwa hutambuliwaje?
Kadi za wanamichezo, yaani vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji, hughushiwa kwa kuchapishwa upya au, zikiwa halisi, hukatwa kingo zilizochakaa ili zionekane mpya. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007 ikiwa na cheti cha ubora, ilhali mnadi Bill Mastro alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliipunguza kingo. Kwa hiyo mnunuzi wa mtandaoni, hata akihakiki namba ya cheti, hana budi kudai picha angavu za pande zote mbili, kisha, kadi ikimfikia, ailinganishe vipimo, unene na vitone vya wino na kadi halisi ya toleo hilohilo.