Mbuzi Wakitupa Mimba Baada ya Mafuriko

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, mbuzi akizidiwa, wengi wetu kutoka Chula hadi Kismayo humuwahi kwa kisu asife kibudu. Baada ya mafuriko, ngoja kwanza. Mwishoni mwa 2006 Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikafika Juba ya Chini. Mbu huipeleka kwa mifugo: mbuzi na kondoo wengi hutupa mimba kwa mpigo, na watoto wao hufa ghafla. Mtu huipata kwenye damu akichinja au kuchuna, na huweza kufa.

Ukiona dalili hizo, usichinje. Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa. Mwambie kiongozi wa bloku au daktari wa mifugo siku hiyohiyo, zizi la jirani lisije likaambukizwa.