Utambuzi wa Kujichomeka kwa Utumbo kwa Watu Wazima Wenye Maumivu ya Tumbo

Kujichomeka kwa utumbo, yaani intususepsheni, ni hali ambapo sehemu ya utumbo huingia ndani ya sehemu inayoifuata. Wagonjwa wengi ni watoto wadogo; watu wazima ni takribani asilimia 5 tu. Kwa hiyo, mtu mzima anapolalamikia maumivu ya tumbo, daktari hufikiria kwanza kidoletumbo, vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo. Makala haya yanafafanua kwa nini uchache huo usiiondoe hali hii katika orodha ya visababishi.

Tofauti ya kwanza ni ya dalili. Kwa mtoto, maumivu ya vipindi, uvimbe unaopapasika na kinyesi chenye damu huelekeza kwenye ugonjwa. Kwa mtu mzima, dalili hizo ni nadra kuonekana kwa pamoja. Maumivu huweza kuja na kutulia kwa wiki au miezi, kwani utumbo huweza kujichomeka na kujichomoa wenyewe. Mgonjwa anayepimwa wakati wa nafuu huweza kurudishwa nyumbani bila jibu.

Tofauti ya pili ni ya chanzo. Kwa watoto wengi chanzo hakibainiki. Kwa watu wazima wengi hupatikana kitu kinachosukumwa na mjongeo wa utumbo na kuuvuta ukuta wake: polipu, lipoma, kifuko cha Meckel au saratani. Hali hii ikitokea katika utumbo mpana, saratani ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuhusu vipimo, eksirei huonesha kuziba kwa utumbo, lakini mara chache huonesha chanzo. Ultrasaundi huonesha duara ndani ya duara, ingawa gesi huweza kuificha taswira hiyo. CT-skani ndiyo yenye kutegemewa zaidi. Hata hivyo, skani huweza kuonesha kipande kifupi cha utumbo mwembamba kilichojichomeka kwa muda, bila kuziba wala uvimbe; hapo uangalizi hutosha mara nyingi.

Umuhimu wa utambuzi huu umo katika tiba. Kwa mtoto, utumbo hurudishwa kwa shinikizo la hewa au maji. Kwa mtu mzima, njia hiyo huweza kuacha saratani bila kugunduliwa. Hivyo basi, penye chanzo kinachoshukiwa, upasuaji wa kuondoa sehemu iliyoathirika hupendekezwa, na kipande hicho huchunguzwa maabara.