Utoto Kama Jambo la Jamii: Maneno ya Umri Katika Kitui na Makueni

Kwa muda mrefu wanasosholojia walimtazama mtoto kwa jicho la pembeni. Walimtaja walipoandika juu ya ndoa, ukoo au shule, lakini aghalabu walimhesabu kuwa mtu mtarajiwa, chombo kitupu kinachongoja kujazwa desturi za wakubwa. Mithali za Kiswahili nazo zaelekea huko huko. Anayesema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, au kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, amemweka mlezi mahali pa mtenda na mtoto mahali pa mtendwa.

Msimamo huo ulitikiswa mwaka 1960, Mfaransa Philippe Ariès alipotoa kitabu chake juu ya mtoto na maisha ya familia katika Ufaransa ya kale, akidai kwamba Ulaya ya Zama za Kati haikuwa na wazo la utoto kama kipindi cha pekee. Wanahistoria waliomfuata wameikosoa sana hoja hiyo, na kwa haki, kwani aliegemea mno picha za kuchorwa na habari za watu wa tabaka la juu. Swali lake, hata hivyo, lilibaki. Mwaka 1990 Allison James na Alan Prout walilieleza kwa uwazi zaidi katika kitabu walichokihariri huko Uingereza: udogo wa mwili ni jambo la maumbile na uko kila mahali, bali maana ya udogo huo hutungwa na jamii, na mtoto mwenyewe ni mmoja wa watungaji.

Ikiwa utoto hutungwa, basi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa maneno, na hapo ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema. Makala haya yanachunguza maneno hayo katika Kikamba cha Kitui na Makueni (Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992). Jambo lenyewe si la kujifurahisha kitaaluma. Maswali ya utafiti wa afya, njaa na elimu hufika vijijini huko yakiwa katika Kiswahili, au katika Kiingereza kinachofasiriwa papo hapo mlangoni mwa mtu, na majibu yake hugeuka kuwa hesabu zinazotumiwa kupanga chakula cha msaada na madarasa.

Neno mtoto katika Kiswahili lina kazi mbili. Kwanza lataja umri. Pili lataja uhusiano, kwani mzee wa miaka sitini angali mtoto wa mama yake. Mwana, ambalo zamani lilibeba uhusiano huo, limehamia zaidi katika maneno ya kuunganishwa: mwananchi, mwanachama, mwanafunzi. Kikamba kimezigawa kazi hizo kwa namna nyingine. Mwana (wingi syana) ni neno la uhusiano kwanza, na humhusu hata aliyekwisha kuoa. Kwa umri kuna kana (wingi twana) kwa mtoto mchanga, kavisi kwa mvulana na kelitu kwa msichana, yote katika ngeli ya udogo ya ka-. Kisha mtu hupanda kuwa mwiitu au mwanake. Mpaka huo hauna ukuta, maana syana hutumika pia kwa watoto wote kwa jumla, na matamshi ya Kitui si yale ya Makueni. Wala asije mtu akadhani kwamba ngeli ni ngazi ya heshima: kiveti, mwanamke aliyeolewa, yumo katika ngeli ya ki- pamoja na vitu, na hakuna aliye na mamlaka zaidi yake katika nyumba yake.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui (1931–2019), alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa Wakamba mtoto alipewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake akamvika mkufu wa chuma shingoni. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa wa mizimu bado. Baada ya hapo akawa mtu kamili. Basi kuzaliwa kwa mwili na kuzaliwa kwa jamii yalikuwa matukio mawili yenye siku kati yake. Majina nayo yalimpa mgeni huyu mahali katika historia ya nyumba: Mutuku alizaliwa usiku, Kioko asubuhi, Wambua wakati wa mvua, Kyalo safarini. Aliyerithi jina la nyanya alirithi na sehemu ya heshima yake, hata mama mzazi akamwita binti yake kwa neno la kumwitia mama. Yule mdogo wa ka- ni mkubwa papo hapo.

Uzazi wenyewe ulikuwa jambo la jamii kabla ya kuwa la damu. Katika desturi ya iweto, mwanamke asiyejaliwa mtoto hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine amzalie, na watoto huwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Mtafiti akifika katika nyumba kama hiyo na kuuliza, “Mama, una watoto wangapi?” atajibiwa kwa ukweli mtupu, na bado ataandika jambo lisilokuwa.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na humruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Sheria huhesabu miaka. Kijiji huhesabu uwezo. Mtoto huanza kwa kutumwa moto au chumvi kwa jirani, akapewa vitoto vya mbuzi karibu na boma, kisha mbuzi wenyewe mbali kidogo, kisha punda na mitungi ya maji. Kila hatua ni cheo, na mwenye kunyimwa hatua hiyo hulia. Beatrice na John Whiting, waliolinganisha watoto wa jamii sita katika kitabu cha mwaka 1975, waliona kwamba watoto wa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii, walizidi wengi kwa moyo wa kuwajibika na kuwatunza wenzao, nao wakaihusisha sifa hiyo na kazi walizokabidhiwa nyumbani. Kuziita kazi hizi zote unyonyaji ni kutokuona namna mtoto anavyojipatia mahali pake kati ya watu.

Lakini kuzisifu zote kuwa malezi ni kosa la pili, na huenda ndilo baya zaidi. Katika nchi hii kavu mvua ya kutegemewa ni ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa bahati likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia wakati wa palizi, hivyo jembe na kitabu havigombani sana. Mvua ikikosekana, mambo hugeuka. Visima vya mchangani mwa mito mikavu hushuka, na njia ya maji hurefuka. Mahali pengine katika Makueni malori yaliyobeba mchanga wa ujenzi yaliongeza shida hiyo, hata kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mwaka wa neema, mtoto anayechunga hufinyanga ng'ombe wa udongo na kurudi na mbuzi wameshiba. Mwaka wa ukame, mtoto yule yule hutembea tangu alfajiri na darasa likampita. Kwa jina, kazi ni ile ile. Maneno kuteka maji hayabadiliki njia iwe ya nusu saa au ya nusu siku, na kwa sababu hiyo neno lililo sahihi kabisa laweza kuficha utoto unaokwisha.

Zamani mwisho wa utoto ulitangazwa kwa nzaiko, ile ndogo ya tohara ya mwili na ile kubwa ya mafunzo. Misheni, iliyofika Nzaui mwaka 1895, na baada yake shule, zilidhoofisha mafunzo hayo. Ukeketaji wa wasichana ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Shule ilileta ngazi yake, ya madarasa na mitihani, na neno lake, mwanafunzi. Kijana wa miaka ishirini aliyechelewa kidato cha nne kwa kukosa karo huitwa bado kwa neno hilo lenye mwana ndani yake, hali rika lake aliyeacha shule amekwisha kuoa na kuketi na wanaume.

Shule imeleta pia mgeuko ambao mithali za ulezi hazikuutazamia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mjukuu amekuwa ndiye amsomeaye nyanya ujumbe wa fedha zilizotumwa kutoka Nairobi au Mombasa. Anajua kiasi kilichoingia kabla ya mwenye nyumba kujua, na huenda akashauri kitumikeje. Katika jambo hilo moja, umleavyo hana nguvu. Aliye ka- ndiye mtenda.

Kwa mintarafu ya utafiti, basi, swali moja la idadi ya watoto halitoshi katika Kitui wala Makueni. Yafaa yaulizwe angalau matatu: ni wangapi waliohesabiwa kuwa syana wa nyumba hii, ni wangapi wasiozidi umri fulani walao na kulala hapa, na ni nani aliyetumwa maji leo, akaondoka saa ngapi, akarudi saa ngapi. Hili la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe, kwani saa alipoondoka mama yake alikuwa shambani.