Je, Wajua? Kuku wa Saa na Ndizi za Nazi

Jikoni kwa bibi yangu, kijijini Mang'ula, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na kuku asiyetaga. Alikaa ndani ya saa ya mezani ya bati jekundu, vifaranga wamemzunguka, na kila saa ilipolia tik aliinamisha kichwa akadonoa punje isiyokwisha. Chini yake, kwenye jiko la mkaa, ndizi mbivu zilitokota taratibu katika tui la nazi. Mtoto akiuliza zitaiva lini, jibu lilikuwa moja: “Mwangalie kuku.” Tulimwangalia mpaka harufu ya iliki ikatutoa machozi ya hamu.

Je, wajua kuku huyo hakuwa na mashine yake mwenyewe? Ndani ya saa za aina hiyo kuna kamani, utepe wa chuma unaokazwa kwa ufunguo. Kamani inapojikunjua taratibu husukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wa magurudumu kuna kipande kidogo kinachoyumba huku na huku, kikizuia jino moja na kuachia jingine. Ndicho kinachotoa ule mlio wa tik-tak. Mafundi waliunganisha kichwa cha kuku na kipande hicho, basi kuku akawa anadonoa kwa pumzi ya saa yenyewe. Ukisahau kutia ufunguo, saa inalala na kuku analala.

Majina ya vitu hivi nayo yana safari ndefu. Kamani limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Mishale ya saa huitwa akrabu, na kwa Kiarabu akrabu ni nge. Kwa hiyo uso wa saa ya bibi ulikuwa na nge wawili wakizunguka mbele ya kuku mwenye njaa! Neno ninalolipenda kuliko yote ni dakika: limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kitu chembamba, kilichosagwa, na mzizi huohuo ndio uliowapa Waarabu neno lao la unga. Sijui neno gani jingine lingestahili kukaa jikoni kuliko hilo.

Saa ya bibi ilitoka China. Je, wajua saa ya Kichina na kijiji chetu cha chini ya milima ya Udzungwa vilikutanaje? Njiani palikuwa na reli. TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, na njia ikakamilika mwaka 1975. Mang'ula ilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kazi, yenye kambi na karakana. Ila jambo ambalo wengi hawalijui ni namna gharama za hapa nchini zilivyolipwa. China ilileta bidhaa, Tanzania na Zambia zikaziuza, na fedha za mauzo zikagharimia ujenzi. Aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani miaka ile huenda aliongeza taruma moja relini bila habari. Bibi alikuwa akisema kuku wake alinunuliwa miaka ya reli. Mimi humhesabu yule kuku kuwa mmoja wa wajenzi.

Mchezo wa kumtia mnyama ndani ya saa ni wa zamani kuliko reli, tena zamani sana. Mwaka 1206 fundi Al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakır, mji ulioko Uturuki ya leo, alikamilisha kitabu cha mashine zake, na mojawapo ni saa ya tembo. Ndani ya tumbo la tembo kulikuwa na maji, na juu ya maji bakuli lenye tundu. Bakuli lilijaa na kuzama kila nusu saa. Likizama, ndege alilia, kigololo kikaanguka kinywani mwa joka, na mwendesha tembo akapiga ngoma. Nikisoma habari zake nawakumbuka tembo wa Udzungwa, ambao wakishuka mashambani usiku hawahitaji bakuli lolote kuamsha kijiji. Na kule Strasbourg, Ufaransa, jogoo wa chuma aliyetengenezwa katikati ya karne ya 14 kwa ajili ya saa ya kanisa kuu alipiga mabawa na kuwika. Bado yupo, katika jumba la makumbusho.

Je, wajua jogoo wa kweli naye ana saa ndani yake? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walitangaza mwaka 2013 kwamba majogoo waliowekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika waliendelea kuwika kwa mpangilio wa siku, bila kuona alfajiri. Baadaye watafiti hao wakaonyesha kwamba jogoo mwenye cheo cha juu katika kundi ndiye huanza, wengine hufuata kwa ngazi zao. Wazee waliopanga safari kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili walikuwa wanategemea chombo cha kuaminika.

Sisi wenyewe tunaisoma saa kwa njia yetu: mshale mfupi ukiwa juu ya saba, tunasema saa moja, kwa sababu siku inaanza kukicha. Ila jua la Mang'ula halilingani sawasawa hata na hesabu hiyo. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 37. Tofauti hiyo ni kama nusu saa, kwa hiyo kwa wastani wa mwaka jua hufika utosini kwenye saa sita na nusu hivi. Jioni milima iliyoko magharibi hulimeza jua mapema, na kivuli chake hufika jikoni mchana ukiwa bado mchana huko mjini Ifakara. Bibi alipika vitu vitamu saa ya kivuli hicho.

Sasa nije kwenye sufuria, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Ndizi ilikuwa mkono wa tembo, ndefu, yenye vichana vichache kwenye mkungu. Alizivundika kwa majani makavu ya mgomba. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huziivisha jirani zake. Ukiifungia, haina pa kwenda. Wanga hugeuka sukari, ganda likapata madoa meusi, na hapo ndipo alipomenya.

Nazi ilikunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa mara mbili. Tui jepesi liliingia kwanza na ndizi, sukari kidogo ya Kilombero, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Tui zito lilisubiri. Je, wajua kwa nini lisubiri? Mafuta ya nazi yametawanyika majini kwa msaada wa protini, na moto mkali huzigandisha protini hizo. Mafuta yakajitenga, tui likakatika, mchuzi ukawa na punjepunje. Basi tui zito likaingia mwisho, na iliki iliyotwangwa, mwiko ukizunguka bila kupumzika. Siku nyingine ilikuwa papai lililokamuliwa limau, au embe bivu tu. Lakini tui la ndizi lililobaki chini ya sufuria tulilipigania.

Kamani ilikatika, na hakuna fundi aliyepata nyingine. Ukutani ikaja saa ya betri yenye picha ya matunda, ambayo ndani yake kijiwe cha kwatzi hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kwa usahihi inamshinda kuku kwa mbali. Bibi hakuitazama. Alipima kwa pua.

Kuku ninaye mimi. Alisimama katikati ya kudonoa, kichwa kiko chini, mdomo unakaribia punje. Nikipika ndizi za nazi humshusha rafuni nikamweka karibu na jiko, na watoto wangu wakiuliza zitaiva lini, nawaambia wamwangalie.