UZI: Chakula cha shule Changamwe ni kazi ya nani?

1/ Kila kampeni tunaambiwa, "Watoto watakula shuleni." Sawa. Muulize mgombea: watoto wa darasa gani?

2/ Katiba ya 2010 iligawa kazi. Chekechea ni ya kaunti. Msingi na sekondari ni ya serikali kuu.

3/ Ndio maana kaunti ikipika pekee, mtoto wa chekechea atakula na kakake wa darasa la tatu, ua huohuo, akae njaa.

4/ Pesa zikichelewa, anayebanwa ni mpishi. Maharagwe huchukua dukani kwa deni. Watoto hawangoji bajeti.

5/ Kwa hivyo uliza: darasa gani, bajeti ya nani, mpishi analipwa lini? Hana majibu? Basi bado hajaahidi chakula.