Betri ikiwa ndani, grinda iko macho

Fundi wa mashua huko Mbita hafanyi kazi kwenye karakana yenye soketi ukutani. Chombo hutengenezwa au kukarabatiwa ufukweni, kwenye mchanga uliolowa, maji ya Ziwa Viktoria yakiwa hatua chache tu. Aliyetaka kutumia mashine ya umeme mahali kama hapo alilazimika kuwasha jenereta na kuburura waya wa volti 240 juu ya unyevu ule, pengine waya wenyewe umeungwa kwa tepu sehemu mbili tatu. Kwa hiyo anayefurahia drili, msumeno au grinda ya betri ana sababu nzuri, maana hatari ya kupigwa na umeme imepungua kwelikweli. Lakini waya ule, pamoja na ubaya wake wote, ulibeba nidhamu moja ambayo imeondoka nao. Fundi akitaka kubadilisha diski, alichomoa plagi kwanza, na kila aliyekuwa karibu aliiona imelala mchangani.

Kifaa cha betri hakina plagi ya kuchomoa, na swichi haiwezi kushika nafasi yake. Swichi hukiambia kifaa kisubiri. Umeme bado umo ndani, na kugusa kidogo tu kunatosha kukiamsha kikiwa gunia­ni, mapajani au mikononi mwa mtoto. Grinda zenye swichi ya kusukuma mbele hadi ijifunge zina hatari nyingine tena: ikiwa swichi ilibaki imejifunga na kifaa hakina kizuizi cha kujiwasha, diski huanza kuzunguka punde tu betri inapoingizwa. Ndiyo maana naona kanuni moja inazizidi nyingine zote. Kabla ya kubadilisha diski au biti, kusafisha, kumpa mwenzako au kuweka kifaa chini na kuondoka, toa betri. Wapo watakaosema hilo linapoteza muda. Betri hutoka kwa kubonyeza kitufe na kuvuta. Ni kazi fupi kuliko ile ya kutembea hadi kwenye jenereta, ambayo mafundi hao hao waliifanya miaka nenda miaka rudi bila kulalamika.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: betri yenyewe ni ya volti 18, itamfanya nini mtu mzima? Kwa umeme wake, si mengi. (Anayejigamba kwamba yake ni ya volti 20 ajue kuwa kwa kawaida zote mbili zina seli tano za lithiamu zilizopangwa mfululizo; namba moja ni ya wastani, nyingine ni ya betri ikiwa imejaa.) Ila kinachokata mkono si volti. Diski ya milimita 115 ikizunguka mara 8,500 kwa dakika, ukingo wake huenda mwendo wa takriban kilomita 184 kwa saa, na kipande kikimeguka huondoka kwa mwendo huo huo. Drili nayo, ikiwa na nguvu ya kuzungusha ya niutoni mita 60, biti ikikwama ghafla kwenye ubao mgumu, mkono ulioshika mpini sentimita 20 kutoka katikati hupokea msukumo sawa na uzito wa kilo 30 hivi. Kifundo cha mkono hakijaumbwa kwa hilo. Shika mpini wa pembeni kama upo, na kwa kufunga skrubu tumia ile pete yenye namba karibu na mdomo wa drili, ambayo wengi huiacha kwenye alama ya mwisho tangu siku ya kununua.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni diski ya meno ya kukatia mbao inayofungwa kwenye grinda. Fundi huipenda kwa sababu inapita haraka kwenye ubao, na mara nyingi huiondolea kinga ya chuma akisema inamzuia kuona. Kinga huzungushwa ikakaa upande mwingine bila kuondolewa, na diski isiyoenea chini ya kinga si diski ya mashine hiyo. Meno yakiuma ubao na kukwama, grinda huruka kuelekea usoni au pajani kabla aliyeishika hajatambua kilichotokea. Mbao ikatwe kwa msumeno wa mbao. Kwa diski za kukatia chuma, soma kasi ya juu iliyoandikwa na tarehe iliyogongwa kwenye pete ya katikati: gundi inayoshika chembe zake huchoka kwa umri na unyevu, na ufukweni unyevu ni mwingi. Miwani ya kinga ivaliwe kila mara. Glavu zina mjadala wake. Kwenye drili, glavu pana au mkono wa shati unaoning'inia unaweza kunaswa na biti.

Tukija kwenye betri yenyewe, Mbita si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua hapo kituo cha nishati ya jua ambako wavuvi wa omena walikodi taa na betri zilizochajiwa badala ya karabai za mafuta ya taa. Mvuvi alirudisha betri kituoni, ikachajiwa kwa vifaa vya kituo. Utaratibu huo ndio unaokosekana pale fundi anapounganisha betri ya drili moja kwa moja na paneli ya sola. Chaja halisi hukata umeme betri ikijaa. Waya mtupu haujui kukata. Seli za lithiamu zisichajiwe zikiwa na joto linalozidi nyuzi 40 hivi, kwa hiyo betri iliyotoka juani ipoe kivulini kwanza. Isitupwe pia kwenye mfuko mmoja na misumari, kwani msumari ukigusa ncha zote mbili ni shoti, na moto wake hutoa moshi wenye sumu. Iliyovimba haitengenezwi, usiichaji, usiitoboe, usiitupe ziwani.

Wengine watasema haya ni ya viwanda vikubwa, si ya jua kali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haisemi hivyo: inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo, na inampa wajibu hata aliyejiajiri. Ila haraka ya fundi mara nyingi hutoka kwa mteja anayetaka mashua yake irudi majini usiku huo huo. Wewe mwenye chombo, unapopatana bei na fundi, weka ndani yake miwani na diski inayofaa, na ukimkuta akikata kwa grinda isiyo na kinga, simamisha kazi hata kama ni yako.